Saa Nane Usiku, Bomba Linagonga

Maji ya bomba Mtwara yana saa zake. Mchana, mji mzima ukiwa umefungua koki, yanakuja kwa kusuasua. Usiku watu wakilala, presha inapanda na matanki yanajaa. Kelele nazo zinafuata ratiba hiyohiyo. Ukipanga nyumba Shangani, kule karibu na ufukwe ambako usiku hakuna la kusikia ila mawimbi na upepo, utazipata kuanzia saa sita hadi alfajiri: ko-ko-ko juu ya dari, mngurumo mrefu ukutani, kisha kishindo kimoja cha kukutoa usingizini pale mtu wa chumba cha pili anapofunga koki ya bafuni. (Nasema Shangani ya Mtwara. Ya Unguja na ya Mogadishu zina mabomba yao.)

Kila nyumba ina mfasiri wake wa kelele hizo. Baba mwenye nyumba atasema ni hewa. Mpangaji wa uani ataapa ni paka, au panya buku. Bibi aliyekuja kusalimia wajukuu atauliza kwa sauti ya chini kiwanja kilikuwa cha nani kabla hakijauzwa, na kama kulisomwa dua siku ya kuhamia. Na fundi wa kwanza kuitwa, aghalabu yule aliye karibu na si yule anayejua, atagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, atikise kichwa, aseme bomba limechakaa na ukuta lazima ubomolewe. Kati ya majibu hayo yote, la fundi ndilo la gharama kubwa, na mara nyingi ndilo lililo mbali zaidi na ukweli.

Kelele nyingi za mabomba katika nyumba zetu za pwani hazizaliwi ukutani. Zinazaliwa kwenye tanki, kwenye boya, kwenye pampu na kwenye koki za kisasa zinazofungwa kwa mkupuo mmoja. Ukuta unazipokea tu na kuzikuza. Kwa hiyo kabla hujaruhusu tindo liguse plasta yako, agiza ngazi, mtu apande juu.

Shangani ina sababu zake za kuwa na mabomba yenye maneno mengi. Mji mkongwe wa eneo hili ni Mikindani, wenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895. Mtwara yenyewe ilichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kufa 1951 ukiwa umekula fedha nyingi kuliko karanga ulizotoa. Bandari ya kina kirefu ilikamilika 1954, mradi ukiwa umeshazikwa; reli ya kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni barabara pana na viwanja vikubwa, na Shangani ikabaki kuwa upande wa nyumba za wakubwa, zenye veranda, miti, na mabomba ya chuma yaliyopita kwenye kuta nene.

Kisha ikaja gesi. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, lakini joto lenyewe lilipanda miaka ya 2010, kuelekea kuzinduliwa kwa bomba la gesi la Dar es Salaam mwaka 2015. Wageni walitarajiwa, gesti na nyumba za kupangisha zikaota. Nyumba ya zamani ikaongezwa vyumba vitatu nyuma, kila kimoja na choo chake ndani. Fundi wa vyumba vipya hakung'oa chuma cha zamani. Aliunga plastiki juu yake. Miaka michache baadaye likaja simtanki la lita elfu mbili juu ya mnara wa zege, kwa sababu ya mgao wa maji. Halafu pampu, kwa sababu maji ya tanki hayakuwa na nguvu ya kuogea. Halafu mashine ya kufulia. Kila fundi aliyepita aliacha kazi yake juu ya kazi ya mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeacha mchoro.

Sasa, kinachogonga ni nini hasa?

Maji hayabinyiki kama hewa. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 12 limebeba lita mbili na ushei za maji, yaani zaidi ya kilo mbili, na koki ikiwa wazi mzigo huo wote unakimbia kuelekea mdomoni. Ukiifunga ghafla, maji ya mbele yanasimama lakini ya nyuma bado yana mwendo, kama abiria wanaoshuka kivuko cha Msangamkuu kwa pupa halafu wa mbele akasimama katikati ya mlango. Msukumo ule hauna pa kwenda. Unageuka kuwa presha, na presha ile inarudi nyuma ndani ya bomba kwa kasi ya ajabu, inafika kwenye tanki au bomba kuu, inarudi tena, huku na huko hadi ichoke. Kila inapopita kwenye elbo inaisukuma. Na kama bomba halikushikwa, linaruka na kugonga ukuta au mbao ya dari. Sauti unayoisikia ni ya bomba kugonga nyumba.

Aliyeliwekea jambo hili hesabu ni Mrusi, Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya mamlaka ya maji ya Moscow mwaka 1897 na 1898. Kanuni yake bado inatumiwa na wahandisi, nayo ni fupi: presha inayozuka inategemea kasi ambayo maji yalikuwa nayo kabla ya kusimamishwa, na kasi ambayo mshtuko unasafiri ndani ya bomba. Kwenye bomba la chuma mshtuko huo husafiri takriban mita 1,300 kwa sekunde. Kwa hiyo maji yaliyokuwa yakienda mita moja tu kwa sekunde, yakikatishwa papo kwa papo, huzua presha ya ziada ya kama bar 13, sawa na kusimamisha mnara wa maji wa mita 130 juu ya koki yako kwa kufumba na kufumbua. Kwenye plastiki, ambayo hutanuka kidogo, mshtuko ni wa polepole na presha hushuka hadi kama theluthi ya hiyo.

Hicho ni kiwango cha juu kabisa. Mkono wa mtu hauwezi kufunga koki haraka kiasi hicho, ingawa koki za siku hizi za kugeuza robo mzunguko zinamsaidia sana. Valvu ya umeme ndani ya mashine ya kufulia ndiyo inayokaribia, maana hiyo hufunga kwa mlio mmoja wa "tak", na nyumba nyingi zilianza kugonga wiki ileile mashine iliponunuliwa bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili.

Angalia pia kisichotajwa kwenye kanuni ile: presha ya kawaida ya nyumba. Watu huniambia, "Kwangu maji hayana hata nguvu, iweje yagonge?" Tanki lililo juu ya mnara wa mita sita linakupa bar 0.6 tu, kweli ni kidogo. Lakini kishindo hakihesabu presha uliyonayo, kinahesabu mwendo unaoukatisha. Bomba la zamani lililojaa kutu ndani limebaki na tundu dogo mahali-mahali, na maji yanapopita hapo yanakimbia zaidi. Nyumba ya maji haba inaweza kugonga kuliko hoteli.

Twende kwenye boya, maana hapo ndipo penye kesi nyingi.

Nilimfuata fundi mmoja kijana, wa chuo cha ufundi cha VETA, kwenye nyumba moja yenye malalamiko ya siku nyingi. Mama mwenye nyumba alimpokea na swali moja: "Mwanangu, na wewe umekuja kubomoa?" Akajibu, "Hapana mama, naomba ngazi tu, na bisibisi kama ipo." Bisibisi hakuitaka kwa ajili ya kufungua kitu. Aliweka ncha yake kwenye bomba linalopanda mnara wa tanki, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Kisha akahamia bomba la kushuka, akasikiliza, akahamia ukutani nje ya bafu. Chuma husafirisha sauti vizuri mno, na kwa njia hiyo mtu anaweza kujua kelele inatokea upande gani bila kupasua tofali hata moja. Alinipa na mimi nisikilize. Kwenye bomba la kupandisha maji kulikuwa na mdundo wa harakaharaka, du-du-du-du. Kwenye la kushuka, kimya.

Akapanda, akafunua mfuniko. Tanki lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kujaa. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka valvu ya boya, yakipiga uso wa maji na kutengeneza viwimbi, na boya, lile tufe la plastiki kwenye mwisho wa mkono wa shaba, lilikuwa likicheza juu ya viwimbi hivyo. Likipanda, valvu inafunga. Likishuka, inafungua. Mara kadhaa kwa sekunde. Kila kufunga ni pigo dogo linaloteremka kwenye bomba la chuma, linaingia kwenye nguzo za zege za mnara, na kwa kuwa mnara umeegemezwa kwenye nyumba, linaingia chumbani. Tanki likiwa tupu boya linaning'inia chini na valvu iko wazi kabisa, hakuna kelele. Likijaa kabisa imefunga kabisa, hakuna kelele. Ni pale katikati, nusu saa au saa nzima ya mwisho ya kujaza, ndipo ngoma inapopigwa. Na kwa ratiba ya maji ya Mtwara hiyo huangukia saa nane usiku. Paka amesingiziwa mengi.

Fundi alishika boya kwa mkono. Kelele ikakata. Akaliachia, ikarudi. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na kila mwenye nyumba anaweza kukifanya mwenyewe akiwa na ngazi imara.

Dawa zake ziko kadhaa. Ya kwanza ni kubadili valvu iliyochakaa, kwa sababu mpira wake ukiisha na pini ikilegea, mkono wa boya hucheza zaidi. Ya pili ni kulituliza boya: unachukua kopo dogo la plastiki, la chakula na si la rangi maana maji haya yanapikiwa, unalitoboa matundu machache, unalining'iniza kwenye mkono wa boya kwa waya usioshika kutu hadi lizame. Kopo lililojaa maji halikubali kupandishwa na kushushwa kwa haraka, kwa hiyo boya linapanda taratibu na maji, bila kufuata kila kiwimbi. Ni kitu cha kuchekesha kukiona, lakini kinafanya kazi. Ya tatu ni kuongeza kipande cha bomba kwenye mdomo wa valvu ili maji yaingie chini ya uso bila kumwagika kutoka juu. Hii inatuliza vizuri sana, ila ina hatari yake: mgao ukianza na bomba kuu likawa tupu, maji ya tanki lako yanaweza kufyonzwa kurudi mtaani, pamoja na chochote kilichomo. Asiye na nonritani nzima, yaani valvu inayozuia maji kurudi nyuma, kwenye bomba hilo asiiguse dawa hiyo.

Na mnara wenyewe je? Kama bomba la kupanda limebanwa moja kwa moja kwenye zege, lipe mpira. Hapa Mtwara mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uliokatwa vipande vya vidole viwili, unatosha kabisa kati ya bomba na klipu. Hauhitaji duka la vifaa.

Klipu zenyewe ni kisa cha pwani. Hewa ya Shangani ina chumvi, na klipu ya chuma cha bei rahisi haimalizi miaka mingi karibu na bahari. Inabaki unga mwekundu na alama ukutani. Bomba lililokuwa limeshikwa sehemu sita likabaki limeshikwa mbili. Ndani ya dari hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mafundi wengi hawaweki klipu kabisa, wanalaza bomba juu ya mbao na kuondoka. Bomba la plastiki la nusu inchi linataka kushikwa kila baada ya mita moja hivi, na karibu na kila elbo, kwani kwenye elbo ndiko maji yanakosukumia. Tumia klipu za plastiki nzito au za chuma kisichoshika kutu. Usizikaze hadi bomba lishindwe kujinyoosha, kwa kuwa plastiki hutanuka kwa jua: mita kumi za PVC zilizopita juu ya paa, zikipata joto la nyuzi 25 zaidi ya usiku, hurefuka karibu sentimita mbili. Zile ta, ta, ta za saa nne asubuhi na za magharibi ni bomba linarefuka na kurudi. Hazina madhara. Mtu akikuambia ulipe fundi kwa ajili ya hizo, mpe chai aende zake.

Pampu ndiyo mkosaji wa pili baada ya boya. Zile ndogo za presha, zenye kitanki chekundu au cha buluu pembeni, hutakiwa kuwaka ukifungua koki na kuzimika muda fulani baada ya kufunga. Ikianza kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, taka-taka-taka, mtu akioga tu, ujue kitanki kimepoteza hewa. Ndani yake kuna mpira, upande mmoja maji na upande wa pili hewa iliyojazwa. Hewa ndiyo inayopokea mshtuko na kuipumzisha pampu. Nyuma ya kitanki kuna kifuniko cha plastiki, chini yake pana valvu ileile ya tairi. Zima umeme, fungua koki maji yote yatoke, kisha pima kwa geji ya bodaboda. Hewa inatakiwa iwe chini kidogo ya presha inayowasha pampu: kama inawaka kwenye bar 1.4, jaza kama 1.2. Ukibonyeza valvu yakatoka maji badala ya hewa, mpira umepasuka. Badilisha mpira, usibadilishe pampu. Nimeona watu wakinunua pampu mpya kwa sababu ya mpira uliotoboka.

Kelele nyingine ya pampu ni kishindo kimoja kikubwa umeme unapokatika. Maji yaliyokuwa yakipanda yanasita, yanageuka, na kile kilango cha nonritani kinabamizwa. Nonritani ya springi hufunga kabla maji hayajapata mwendo wa kurudi, kwa hiyo haibamizi. Tofauti ya bei kati yake na ile ya kilango si ya kukosesha usingizi.

Jambo dogo kwenye nyumba ni kubwa kwenye mradi. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ya Mitema husukumwa kutoka bondeni kwenda Newala na Tandahimba, kupanda mamia ya mita, pampu zikizimika ghafla ni kilomita za maji zinazotaka kurudi kwa mkupuo. Huko dari si hoja, bomba zima linaweza kupasuka, na ndiyo sababu wahandisi wa miradi ya namna hiyo huweka matanki ya hewa na valvu maalumu za kupokea pigo.

Wapo pia waliolipenda pigo hilo. Mwingereza John Whitehurst mwaka 1772, kisha Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier mwaka 1796, yule wa puto la hewa ya moto, walitengeneza mtambo unaotumia pigo la maji kuyapandisha maji mlimani bila mafuta wala umeme. Katika ule wa Montgolfier, maji ya kijito yanakimbia, valvu inajifunga kwa kishindo, presha inasukuma sehemu ya maji juu, valvu inajifungua, yanakimbia tena. Mtambo huo umetumika miaka mingi katika nyanda zetu za juu, na mwaka 1984 Arusha ilikuwa mwenyeji wa warsha ya wataalamu iliyojadili teknolojia hiyo peke yake. Shangani hatuna kijito kinachoporomoka, tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kwetu pigo linabaki kuwa kero.

Tuje kwenye hewa, ambayo baba mwenye nyumba huitaja kwa kila kitu. Hewa ina kelele zake, lakini ni za aina nyingine. Baada ya mgao, bomba kuu likiwa limekauka, maji yanaporudi yanasukuma hewa mbele yake. Koki inakohoa, inatema, inapuliza, kisha inapiga mishindo michache isiyo na mpangilio, na baada ya dakika kadhaa yote yanatulia. Mita nayo inazunguka, kwa kuwa haijui kutofautisha hewa na maji. Malalamiko ya kulipia upepo yanasikika karibu kila mji wenye mgao nchini, wala si ya kupuuzwa. Unachoweza kufanya ni kuyapokea maji kwa adabu: mgao ukianza, funga geti valvu iliyo baada ya mita, na maji yakirudi ifungue kidogokidogo huku koki moja ya nje ikiwa wazi nusu. Maji yakiingia polepole hayapati kasi ya kugonga. Wanaoacha kila kitu wazi ili wasikie maji yakija ndio wanaoamshwa na mizinga.

Kwa upande mwingine mgao unatusaidia bila kujua. Dawa ya zamani ya kishindo ni kusimamisha kipande cha bomba cha sentimita 30 hadi 60 karibu na koki yenye matatizo, kikazibwa juu, kikabaki na hewa ndani. Maji yanapositishwa yanaibana hewa ile badala ya kupiga ukuta. Kasoro yake ni kwamba hewa huyeyuka ndani ya maji taratibu, na baada ya miezi kipande kinajaa maji na kelele zinarudi, mpaka mtu amwage mfumo mzima ili hewa iingie tena. Wenzetu wa miji ya maji ya saa ishirini na nne husahau kufanya hivyo. Hapa bomba likikauka na ukafungua koki zote, kipande kinajijazia hewa chenyewe. Kwa mashine ya kufulia bora kununua kile kidude cha kufungwa moja kwa moja kwenye koki yake, chenye springi au pistoni ndani, hakihitaji kumwagwa.

Koki zinazonguruma zinatibika kwa bei ya soda. Ukiifungua nusu inalia kama meli inayoomba gati, ukiifungua kabisa inanyamaza: hiyo ni washa iliyolegea au kuisha, inatetemeka katikati ya maji. Funga maji, fungua kichwa cha koki kwa spana, badilisha washa, kaza skrubu yake. Geti valvu ya zamani nayo hutetemeka hivyohivyo kilango kikilegea. Wengi hupunguza kishindo cha nyumba kwa kuibana geti valvu ya mita ibaki nusu. Ni dawa ya haraka na inafaa kujaribiwa kwanza, kwani mwendo wa maji unapungua nyumba nzima. Lakini valvu ya aina hiyo haikutengenezwa kukaa nusu miaka yote. Italika, na siku ukitaka kufunga kabisa haitafunga.

Kuna wanaosema waziache tu kelele hizo, wamezizoea. Shida ni kwamba kila pigo linavuta maungio, na nyumba mpya za Shangani zina dari za gipsamu ambazo hazivumilii tone. Usiku mmoja funga koki zote, hakikisha boya limefunga, chukua tochi ukaangalie kile kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, hata kwa kujivuta, ungio moja limeshaachia mahali fulani na unalipia.

Mabadiliko makubwa ya maji Mtwara yamesubiriwa kwa muda mrefu. Kwa sasa mji unakunywa maji ya visima, Mtawanya na kwingineko, na habari ya kuyaleta maji ya mto Ruvuma imezungumzwa miaka na miaka. Yakija, yaje na presha ya kutosha mchana na usiku, baadhi ya nyumba zitaweza kuachana na mnara, boya na pampu. Nyingine zitagundua kwamba mabomba yao, yaliyozoea maji ya kubembelezwa, hayana klipu za kuhimili maji ya kweli. Ni vizuri kuzifunga mapema.

Linabaki suala la nani alipe, na hapo wapangaji na wenye nyumba huvutana sana. Boya, tanki, pampu na klipu ni vya nyumba, si vya mpangaji. Washa ya koki ya bafuni, mpangaji mwungwana huibadilisha mwenyewe bila kesi. Mashine ya kufulia ni ya aliyeinunua, na kidude chake cha kupokea pigo vilevile. Yaandikwe kwenye mkataba kabla ya funguo kukabidhiwa.

Na anayejenga sasa hivi, pale bomba liko ukutani na plasta haijapigwa, apige picha kila ukuta kwa simu, futi kamba ikionekana kando ya bomba, amtumie na mkewe picha hizo ili simu ikipotea zisipotee nazo.